Gunia la Mwalimu Kalondu

Kila Alhamisi saa tatu asubuhi, Hudson Mghalu alipakia gunia la mahindi kwenye wilibaro, akalifunga kwa kamba ya mkonge, akaanza kulisukuma kupanda Kilima cha Mwasere. Akifika alipofika, aligeuka akalishusha. Mahindi hayakuwa ya kuuza, na huko juu hakuna posho mill, hakuna kanisa la kupeleka mavuno, hakuna hata kuku. Kuna mawe, upepo na mbuzi wa watu. Mwatate nzima ikakubaliana kwamba pensheni imempanda mzee kichwani, na watu wakaendelea na shughuli zao, ila siku ya Alhamisi walizifanya macho yakiwa kilimani.

Hawakujua kwamba gunia lile lilikuwa Mwalimu Kalondu.

Yaani lilikuwa na uzito wake. Hudson alikuwa amekadiria kwa macho, kama mtu aliyezoea kupakia kokoto: Mwalimu mwenyewe, kiti chake cha magurudumu, mkoba, chupa ya chai na Biblia ya maandishi makubwa, jumla kilo tisini. Njia ikiweza kupitisha gunia, itaweza kupitisha mwalimu. Hesabu ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba habari zilifika kwa mwenye uzito kabla hajaambiwa rasmi.

"Nasikia unanipandisha mlima kila wiki," Kalondu alimwambia siku moja, akiwa kwenye kiti chake langoni mwa nyumba yake. "Halafu nasikia jana nimeanguka."

"Si wewe, Mwalimu. Ni gunia."

"Kilo ngapi?"

Hudson akaangalia viatu vyake. "Sabini."

"Muongo! Muinde anasema ni tisini, na Muinde ndiye aliyeniokota."

Hilo halikuwa na ubishi. Alhamisi hiyo wilibaro ilikuwa imefika karibu nusu ya kilima, mahali ambapo maji ya mvua yalikuwa yamechimba korongo katikati ya njia. Gurudumu likanasa, mzee akateleza, kamba ya mkonge ikakumbuka kwamba ilifungwa na mtu mwenye haraka, na gunia likashuka peke yake. Lilishuka kwa adabu mwanzoni. Baadaye likasahau adabu. Lilipita mbuzi wawili, likaruka bango la serikali, likaingia kwenye kibanda cha chai cha Muinde saa nne kamili, wakati wa chapati, likatulia chini ya meza ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Muinde hakushtuka. Alilitazama, akatangaza, "Mwalimu amefika. Mpikieni chai."

Na huyu Mwalimu Kalondu si mtu wa kuwekwa chini ya meza. Alikuja Mwatate akiwa msichana kutoka Kitui, akafundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na nusu ya watu wazima wa mji huu bado huficha mikono wanapomwona, wakidhani anakagua kucha. Enzi hizo kila Jumamosi alikuwa akipandisha darasa lake zima Kilima cha Mwasere kabla jua halijakomaa, kuwaonyesha Kilimanjaro. Ndiyo, Kilimanjaro. Aliapa kwamba asubuhi njema, ukisimama juu ukiangalia upande wa machweo, unauona mlima wote, na theluji yake. Halafu ugonjwa wa sukari ukamchukua mguu wa kulia. Miaka sita sasa hajapanda hata ngazi ya kanisa.

Hudson kwa upande wake alikuwa ameendesha greda miaka thelathini na moja, akichonga barabara za udongo kutoka Mwatate mpaka Taveta na kurudi. Alikuwa amepanda Mwasere mara nyingi, kila mara saa sita mchana, baada ya kuegesha mashine, na hajawahi kuona Kilimanjaro yoyote.

"Ni mawingu hayo, Mwalimu," alikuwa akisema tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. "Sisi Wadawida tumezaliwa kwenye milima hii. Ungekuwepo tungeuona."

"Mmezaliwa mkiangalia chini, mkitafuta viazi. Mtauonaje?"

"Mawingu."

"Mlima!"

Mabishano hayo yalifanywa langoni mwa Kalondu kila jioni kwa muda mrefu hivi kwamba majirani waliyatumia kujua saa. Mke wa Hudson alipofariki, na binti yake Wakio alipoolewa huko Mahoo, mabishano ndiyo yaliyobaki ya mzee. Ukimuuliza angekana. Angesema anapita pale kwa sababu ndiyo njia ya kwenda dukani, ingawa duka liko upande mwingine.

Basi ile njia ya kilimani ilianza hivi. Ofisi fulani ilileta bango kubwa: NJIA YA BURUDANI KWA WATU WOTE, na chini yake picha ya mtu kwenye kiti cha magurudumu, anatabasamu. Bango lilijengewa jukwaa la saruji lenye ngazi tatu, kwa hiyo mtu wa kwenye picha ndiye mtu pekee wa kiti cha magurudumu aliyewahi kufika hapo. Watu walipiga makofi, soda zikanywewa, magari yakaondoka. Njia yenyewe hawakuileta. Hudson alingoja mwezi mmoja, akangoja wa pili, mwezi wa tatu akachukua jembe.

Akaitengeneza kama dereva wa greda. Yaani moja kwa moja. Kutoka bango mpaka kileleni, mstari ulionyooka kama rula, kwa sababu mtu aliyekaa juu ya greda miaka thelathini na moja anaamini kona ni aibu. Ilipendeza sana kuiangalia. Kuipanda ilikuwa kama kupanda ukuta, na kila mvua ikinyesha maji yaliishukia kwa furaha, yakabeba udongo wote mpaka mlangoni kwa Muinde. Hudson alifukia. Mvua ikafukua. Akafukia tena. Kwa miaka mitatu walizoeana hivyo.

Halafu Lynn akapiga simu.

Lynn ni binti wa Kalondu, anafanya kazi Nairobi, na ni mtoto mzuri, ubaya wake ni kwamba anapanga mambo. Alikuwa amempatia mama chumba kwake, jengo lenye lifti, kliniki ya sukari iko ng'ambo ya barabara. Tikiti ya treni kutoka Voi ilikuwa ya Jumapili.

"Jumapili hii?" Hudson aliuliza langoni.

"Hii hii."

Hudson akafungua komeo la lango, akalifunga tena.

"Dereva," Kalondu akasema, na mara hii hakuwa na sauti ya darasani, "kabla sijaenda kuishi ndani ya lifti, nataka kupanda mlima mmoja wa kweli. Nataka kuuona na wewe uuone, halafu niende nikiwa mshindi. Jumamosi asubuhi. Unaweza?"

"Naweza," akasema mtu ambaye gunia lake lilikuwa bado chini ya meza ya Muinde.

Siku ile ilikuwa Jumatatu, na tairi moja ya kiti cha Mwalimu ilikuwa imepasuka. Ilibidi Hudson aipeleke Voi, kwani Mwatate fundi alikuwa na tairi za boda na za mkokoteni tu, na Mwalimu alikataa zote mbili. Sasa njia nani ataishughulikia? Akampigia Kavinya.

Kavinya ni mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha kina mama wa Kikamba ambao hulimiana mashamba kwa zamu. Ukiwaita thelathini na majembe yao, asubuhi una pori, jioni una shamba, na wimbo umeimbwa mpaka mwisho. Wote walisomeshwa na Kalondu au walizaa watoto waliosomeshwa na Kalondu, kwa hiyo Kavinya hakuuliza maswali mengi.

"Baba Wakio, sema tu. Shida ni nini?"

"Maji, Kavinya. Maji yanakula njia yangu. Yazuieni yasishuke."

"Hayo tu? Nenda Voi na amani."

Voi, fundi alisema tairi ya ukubwa ule itatoka Mombasa kesho. Kesho akasema kesho. Hudson alilala kwa binamu yake siku mbili akihesabu siku kwa vidole, na Jumatano saa nane mchana akashuka Mwatate akiwa amevaa tairi begani kama mkufu wa bwana harusi. Akaenda kilimani moja kwa moja. Akasimama mbele ya bango. Akavua kofia.

Njia yake haikuwepo.

Mahali pake palikuwa na matuta tisa. Yalikuwa yamekata kilima kwa upana, moja juu ya jingine, kila moja likifika mtu kiunoni, na mtaro mrefu chini yake. Kingo zilikuwa zimepigwa kwa jembe mpaka zikang'aa, na juu ya kila tuta palikuwa pamepandwa nyasi za napia, mche kwa mche, kwa mstari. Ukweli usemwe, hakuna shamba katika kaunti nzima lenye matuta ya fanya juu mazuri kama yale. Mkamba ukimwambia azuie maji kilimani hafikirii mara mbili. Anachimba mtaro, udongo anaurusha juu, anapanda nyasi. Babu alifanya hivyo, na kaburi la babu huenda nalo lina tuta.

Kina mama walikuwa wamekaa kivulini wakila githeri. Kavinya akainuka, matope mpaka magotini, uso umejaa fahari.

"Karibu, Baba Wakio! Hata tone moja halishuki. Leta mvua ya Nuhu."

"Ni kazi… ni kazi kubwa," Hudson akasema.

"Siku mbili na nusu!"

"Naona." Akarudisha kofia kichwani. "Kavinya, maji hayashuki. Hilo nimeliona. Sasa Mwalimu atapandaje?"

"Mwalimu yupi?"

"Kalondu. Na kiti chake. Jumamosi."

Kijiko kimoja kikaanguka kwenye sufuria. Kavinya akageuka akayatazama matuta yake tisa, moja moja, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayehesabu watoto wake na kugundua wote wamefanana na jirani.

"Ulisema maji," akasema polepole. "Hukusema Mwalimu."

"Njia ni ya watu! Imeandikwa pale kwenye bango!"

"Nani husoma bango? Lina ngazi!"

Wakaanza kulaumiana, sauti zikapanda, na mama mmoja akasema tubomoe, mwingine akalia kwamba nyasi zake zimeshashika. Ndipo Muinde, aliyekuwa akifuatilia kila neno kutoka kibandani bila kuficha, akatoa wazo la pekee alilowahi kutoa bure.

"Kamwiteni yeye mwenyewe. Si ndiye aliwafundisha hayo matuta?"

Ni kweli. Kalondu ndiye aliyekuwa akiwatoa darasani na kamba na pimamaji, kuwaonyesha jinsi ya kufuata usawa wa mlima. Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa ubora wa matuta yale, ni yeye.

Hudson akafunga tairi mpya, akamleta. Walipofika chini ya kilima kina mama thelathini wakasimama wima, wengine wameficha kucha. Kalondu akavaa miwani. Akatazama tuta la kwanza, la pili, mpaka la tisa.

"Nani alipima?"

"Mimi, Mwalimu," Kavinya akanong'ona.

"Kwa kamba na pimamaji?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tuta la sita limelala kushoto kidogo. Mengine ni sawasawa. Nakupa tisa kwa kumi." Akageuza shingo. "Na wewe, Dereva, unalia nini?"

"Silii. Ni vumbi. Mwalimu, njia imekwisha. Nilikuahidi, na sasa ni kama nimekujengea ngome."

"Njia yako ilikwisha siku uliyoichora. Miaka yote hiyo unapanda mlima kama mtu anayenyoa kichwa, wembe mbele moja kwa moja! Nani amekwambia mlima unapandwa hivyo? Mbuzi wenyewe hawapandi hivyo. Niambie, juu ya tuta la Kavinya kukoje?"

"Kuna nyasi."

"Ukitoa nyasi?"

Hudson akatazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya akiwa juu ya greda. Juu ya tuta palikuwa tambarare. Tambarare kabisa, kutoka ncha moja ya kilima mpaka nyingine, kwa sababu ndiyo maana ya kupima.

"Unapita juu ya tuta mpaka mwisho," Kalondu akasema taratibu, kama kwa darasa la tatu. "Pale mwisho unaniwekea mteremko mdogo, unanipandisha tuta la pili. Narudi upande huu. Tuta la tatu, naenda upande ule. Nitafika lini? Nitafika nikifika. Nimestaafu."

"Ni kona nane hizo," Hudson akasema kwa uchungu wa kweli.

"Basi zikate vizuri. Si wewe dereva?"

Na hapo mzee akaamka. Kwani kona aliidharau, lakini aliijua. Alijua mashine ndefu inahitaji nafasi gani ya kugeuka, na ardhi iinamishwe vipi ili usichungulie bondeni. Alhamisi na Ijumaa akawa anakimbia kutoka ncha moja ya kilima mpaka nyingine akipiga kelele kama yuko kazini, "Panua hapo! Usiniachie jiwe hilo! Changarawe!" Kina mama wakahamisha nyasi kutoka juu ya matuta wakazipanda ukingoni upande wa chini, ziwe reli ya mtu asianguke. Walishindilia udongo kwa miguu, thelathini kwa mstari, wakiimba, na wimbo ulikuwa na jina la Hudson ndani yake, ingawa wote walikataa kumtafsiria.

Ijumaa alasiri likaletwa gunia.

"Hapana," Kavinya akasema. "Gunia halisemi likiumia. Tupime na mtu."

Wote wakageuka wakamtazama Muinde. Akajaribu kurudi kibandani, akashikwa, akaketishwa kwenye wilibaro, akapewa kikombe cha chai kilichojaa mpaka mdomoni. Chai isipomwagika, njia imepita mtihani. Hudson akamsukuma tuta la kwanza, kona, tuta la pili, kona, pole pole, majasho yanamtiririka, kina mama nyuma yake kama maandamano ya harusi. Tuta la sita wilibaro iliyumba kushoto kidogo, na thelathini wakasema kwa pamoja, "Mwalimu alisema." Walipofika juu kikombe kilikuwa nusu.

"Imemwagika!" Hudson akapiga kelele.

"Nimekunywa," Muinde akasema. "Safari ni ndefu."

Jumamosi walianza mapema, umande ukiwa bado juu ya napia. Kalondu alivaa gauni la kanisa na kofia. Hudson alisukuma, na kila kona Kalondu alisema "kushoto" au "kulia" kana kwamba mzee angeweza kwenda kwingine. Tuta la nne aliomba kupumzika. Tuta la saba alinyoosha kofia. Tuta la tisa alishika mkono wa kiti kwa nguvu, na Hudson akajua si kwa ajili ya kuyumba.

Wakafika.

Juu palikuwa na upepo, mawe, na mbuzi watatu walioudhika. Chini mashamba ya mkonge yalikuwa yamepangwa mistari mpaka macho yachoke. Na upande wa machweo, pale pale Kilimanjaro ilipotakiwa kuwa, palikuwa na ukuta mweupe wa mawingu kutoka ardhini mpaka mbinguni.

Wakangoja. Kalondu akanywa chai. Wakangoja tena.

"Leo umejifunika," akasema mwishowe.

"Mhm," Hudson akasema. Angeweza kusema zaidi. Kwa miaka thelathini alikuwa na neno tayari, ila sasa alimwongezea chai tu.

"Haya. Nigeuze basi niangalie kazi ya watoto wangu. Kavinya! Hizi nyasi za ukingoni mmezipanda mbali mbali hivi kwa nini? Njoo hapa."

Hudson akamgeuza, uso kuelekea Voi, mgongo kuelekea machweo. Kavinya akaja akasimama mbele yake, mikono nyuma, akianza kujitetea habari za nyasi. Hudson akainua kichwa kupumua.

Na mawingu yakafunguka.

Hayakufunguka yote. Yalipasuka katikati, kama pazia la mtu anayechungulia nani amepiga hodi, na huko nyuma, juu zaidi ya pale alipowahi kufikiria kutazama, ulikuwa umekaa. Mkubwa. Bapa juu, umevaa theluji kama kofia ya mtoto, jua likiupiga upande mmoja. Hudson Mghalu, Mdawida wa kuzaliwa, aliutazama mdomo wazi. Akafikiria kupiga kelele. Pumzi ilikuwa imeshafika kooni. Halafu akafikiria tikiti ya Jumapili, na mtu anayetaka kwenda akiwa mshindi, na lango ambalo jioni ya Jumatatu lingekuwa na kufuli.

"Mbona umenyamaza huko nyuma?" Kalondu akauliza. "Unaona nini?"

Pazia likafungwa.

"Mawingu, Mwalimu," akasema. "Mawingu tu."

"Nilijua utasema hivyo." Kalondu akafunga chupa ya chai kwa hasira. "Basi siendi. Sitoki hapa nikiwa nimeshindwa na dereva wa greda. Nipe simu."

Lynn alisikika mpaka kwa mbuzi. Tikiti, Mama! Kliniki! Chumba kimepakwa rangi! Kalondu alimsikiliza kwa subira, kisha akamwambia kwamba kliniki iko hata Voi, rangi haiozi, na mlima ukijifunua atapiga simu, ndipo aje Nairobi.

Alhamisi iliyofuata, saa tatu asubuhi, Hudson alionekana tena kilimani na wilibaro. Safari hii hakuwa na gunia. Alikuwa na mawe na simiti, na kufikia adhuhuri alikuwa amejenga ukuta mfupi kileleni, na mbele yake uwanja mdogo wa kuegesha kiti cha magurudumu, laini kama meza. Kavinya, aliyekuwa amekuja kunyoosha tuta la sita, akauzunguka mara mbili.

"Baba Wakio. Mtu akiegesha hapa, si ataangalia Voi?"

"Ni sababu ya upepo," Hudson akasema bila kuinua macho. "Upande ule unaumiza macho."

Kavinya akageuka akatazama upande wa machweo kwa muda mrefu. Jumamosi ile yeye alikuwa amesimama mbele ya Mwalimu, uso wake ukielekea kule kule mawingu yalikopasuka. Akainua jembe lake.

"Kweli," akasema. "Upepo wa upande ule si mzuri kabisa." Akashuka zake kwenda tuta la sita.